Mzimu wa Pendle Alikuwa Wapi Alhamisi Ile

Kengele iligongwa mara kumi, polepole, na wazee waliokaa kwenye ukumbi wa juu wa baa moja ya Accrington, kaskazini mwa Uingereza, wakainamisha vichwa. Ni kengele ileile ya ulingoni, imechubuka rangi, na Wilf Kershaw aliyekuwa refa ndiye anayeitunza nyumbani kwake chini ya ngazi. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, wanamieleka wa zamani hukutana hapo kula pai ya nyama na viazi na kabichi nyekundu ya siki, na kabla ya kula Wilf husoma majina ya waliokufa tangu mwaka jana. Safari hii majina yalikuwa manne. La tatu lilikuwa la Cliff Ormerod.

"Cliff," Wilf alisema, "hakushinda sana, jamani, lakini kwa kuanguka hakuna aliyemfikia."

Watu wakacheka kwa upendo. Hilda, mjane wake, akacheka nao huku ameuminya mkoba wake mapajani.

Kwa miaka hamsini na saba Hilda alikuwa amefunga mdomo. Huyo Cliff aliyeanguka vizuri Jumatatu na Jumanne kwa jina lake mwenyewe, ikifika Alhamisi na Ijumaa alivaa kinyago cheusi cha kitambaa, akaitwa Mzimu wa Pendle, na hapo hakuangushwa na mtu. Enzi hizo Jumamosi saa kumi jioni barabara zilikuwa tupu, watu wote wako mbele ya televisheni wanatazama mieleka wakisubiri matokeo ya mpira. Mzimu alichukiwa kwa raha zote. Mabibi wazima na kofia zao za kanisani walimpiga miavuli, na wengine walimchoma pini za kofia akipita. Hakuvuliwa kinyago hata siku moja. Cliff alimwapisha mkewe: hata nikifa, usimwambie mtu. Hata mtoto wao Gillian, aliyekaa pembeni yake sasa hivi anamwagia pai mchuzi, hakujua.

Kwa hiyo fikiria Hilda alivyoshtuka, sahani hazijaondolewa, mzee mmoja alipoinuka meza ya dirishani. Alikuwa mrefu, masikio yamevimba na kujikunja kama ya wote waliosuguliwa vichwa ulingoni, na amevaa tai ya bluu.

"Mimi naitwa Len Bagnall," alisema. "Natoka Stoke. Nina miaka themanini na minne na nimechoka kukaa na siri. Mzimu wa Pendle nilikuwa mimi."

Ukumbi ukalipuka. Mmoja akapiga meza kwa uma, mwingine akapaza sauti: "Muongo! Mzimu alikuwa na kiuno!"

"Na wewe ulikuwa na nywele," Len akamjibu, wakacheka zaidi. Kisha akafungua bahasha akatoa bango la zamani, limekunjwa mara nne, akalishika juu watu walione. "Hili hapa. Hanley, Alhamisi, tarehe nane Februari, sitini na nane. Nilichomwa pini pajani na bibi wa safu ya kwanza, kovu ninalo. Nani anataka kuliona?"

"Kaa na paja lako, mzee, tunakula!"

Gillian akamgeukia mama yake macho yanang'aa. "Mama, tarehe nane! Usiku niliozaliwa mimi!"

"Nimesikia," Hilda alisema.

Alikuwa amesikia kuliko alivyotaka. Usiku ule alijifungua peke yake, na Cliff hakutokea hospitali mpaka Ijumaa jioni, viatu vimelowa, akasema alikuwa Carlisle, theluji imefunga barabara ya mlimani pale Shap, amelala ndani ya lori la mtu. Mama yake Hilda alikunja midomo tu. Jirani mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba theluji ni kitu cha manufaa sana kwa wanaume. Hilda alimwamini mumewe. Sasa hapa kuna bango, limechapishwa kwa wino mwekundu, linasema Mzimu alikuwa Hanley. Hanley iko kusini, Carlisle iko kaskazini, na Shap haiko njiani hata kwa mlevi.

Akalipindua hili jambo kichwani kila upande. Kama mzee huyu ni muongo na bango ni la kweli, basi Cliff ndiye aliyekuwa Hanley, na theluji ya Shap ilikuwa hadithi. Kama mzee ni mkweli, basi Cliff hakuwa Mzimu usiku ule, na alikuwa kwa nani? Kila upande, aliyedanganya alibaki kuwa Cliff, ambaye Hilda alimzika Januari na kumfunga tai kwa mikono yake.

"Mama, huli?"

"Nakula."

Aliangalia mikono ya Len. Cliff alimfundisha zamani: watu wa mieleka wakisalimiana, mkono hulegezwa, kama umeshika kifaranga. Maana yake, mkono wangu ni mwepesi, nitakutunza humo ndani. Mtu wa nje hubana ili aonekane ana nguvu. Baba yake Hilda, siku ya kwanza kushikana mkono na Cliff, alisema akienda jikoni, "Mwanamume gani huyu, mkono kama uji uliopoa!" Lakini Len alikuwa amezungukwa na watu, wengine wanampiga mgongo, wengine wanataka picha, na Hilda hakuona kitu. Len alipopita karibu na meza yao alimsalimia Gillian kwa kumbana mkono mpaka pete zikamuumiza.

"Aa! Kweli huyu alikuwa Mzimu," Gillian alisema akijipuliza vidole.

Amebana kama mtu wa nje, Hilda alijiwazia. Au amebana kwa sababu Gillian ndiye mtu wa nje. Hata hilo halikumsaidia.

Ilipoletwa chai, akainuka na kikombe chake na fimbo yake akaenda kukaa meza ya dirishani. Len alikuwa amebaki peke yake, anamimina maziwa.

"Bwana Bagnall, una kinyago chenyewe?"

Mzee akamtazama juu mpaka chini. "Kwa nini unauliza, bibie?"

"Mabango yanauzwa sokoni. Mtu yeyote anaweza kununua bango."

"Kweli. Na masikio haya niliyanunua sokoni pia?"

"Masikio ni ya mieleka. Sijasema si mwanamieleka. Nimeuliza kinyago."

Len akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Akavuta mfuko wa karatasi ulio chini ya kiti, akaangalia huku na huku, akatoa kinyago akamwekea mapajani. Kilikuwa cheusi, kimefifia kuwa rangi ya majivu. Hilda hakukiangalia usoni. Aliingiza vidole ndani, kwenye kidevu, akakigeuza nje.

Bitana ya flaneli. Ya njano. Ina bata wadogo.

Hilda alikijua kitambaa hicho. Cliff alikuwa akitoka vipele kidevuni kwa jasho, na Krismasi ile, Hilda ana mimba ya miezi saba, alikaa kwenye cherehani akashona magauni ya mtoto, na vipande vilivyobaki akavitia bitana kwenye vinyago. Alishona viwili. Cliff alimwambia kimoja cha kuvaa, kimoja cha akiba. Na kwa miaka yote ile alifua kimoja tu, kile alichokishona tena sikioni baada ya kuchanika, na hakujiuliza cha akiba kinafuliwa na nani. Kile cha sikio lililoshonwa alikiweka mwenyewe ndani ya jeneza, chini ya mto.

"Ulikiiba," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi?"

"Nani alikupa?"

Len aliweka kikombe chini. "Promota. Marehemu Pinder. Alinipa kwenye gari, akaniambia, leo wewe ni Mzimu, Hanley. Nikamwambia, Mzimu si yupo? Akasema yupo, yuko Carlisle, na watu wa Carlisle hawasomi magazeti ya Hanley. Mzimu mmoja, bibie, kumbi mbili, usiku mmoja. Alijaza kote kote, mchawi yule. Akasema siku nitakayoonekana ukumbi mmoja na mwenzangu, tunafukuzwa wote wawili."

Carlisle mtu yeyote anaweza kuitaja, Hilda alijiambia. Hiyo bado haithibitishi kitu.

"Na ule usiku wa bango siusahau," Len aliendelea, "si kwa sababu ya pini. Kesho yake nilikuwa nimelala, paja limevimba, Pinder akaja kunigongea mlango. Amka, unakwenda Bradford, mwenzako amekwama Shap na theluji, na akitoka huko haji kazini, mkewe anajifungua. Alitukana njia nzima. Theluji alitukana, mtoto alitukana. Mimi nikasema moyoni, Mungu amsaidie huyo mama, sijui ni nani."

Chai ya Hilda ilikuwa imepoa mkononi. Hakuwa amemtajia Shap. Hakuwa amemtajia mtoto. Hakuna mtu ukumbini humo aliyekuwa ametaja Shap.

Alitaka kulia na alitaka kumpiga Cliff fimbo, vyote pamoja. Cha akiba! Mwanamume amelala ndani ya lori kwenye theluji, anakuja na viatu vimelowa, anatazamwa na mama mkwe kama mwizi, na bado hasemi, piga simu Carlisle uulize. Siri ya kazi. Hata mke akamgawia nusu.

"Kwa nini umesimama leo ukasema?" aliuliza. "Umekuja miaka mingapi hapa?"

"Sita. Miaka yote sita nakaa kimya, naangalia masikio ya watu, najiuliza, ni huyu? Ni yule? Sikuwahi kujua jina lake wala kuona uso wake. Leo nikasema, ngoja nisimame nijitangaze. Mwenyewe akisikia, atainuka aniite muongo. Hata anipige kiti." Akachukua kinyago akakigeuza mikononi. "Hakuna aliyeinuka. Ila wewe na fimbo yako." Akamtazama vizuri sasa, na yeye pia alikuwa na shaka usoni. "Bibie, kitambaa hiki cha bata, ulijuaje pa kukitafuta?"

Hilda aliapa juu ya kikombe cha chai mwaka sitini na saba kwamba hatatamka. Hakutamka. Aliegemeza fimbo kwenye kiti, akanyoosha mkono wa kulia, na Len alipoupokea, akaulegeza. Akaulegeza kabisa, kama ameshika kifaranga, kama Cliff alivyomfundisha.

Mkono wa Len, ule uliobana pete za Gillian, ulilainika ndani ya wake. Mzee akageuka kuitazama kengele juu ya meza ya Wilf.

"La ngapi?" aliuliza. "Kati ya yale majina manne."

"Sijasema kitu," Hilda alisema.

"Hujasema." Akafuta pua na tai yake ya bluu. "Aliyeanguka vizuri. Huyo huyo. Eh, Pinder, mchawi wewe!"

Gillian akaja na koti la mama yake, anawatazama kwa zamu. "Mama, twende, mvua inakuja. Umemfanya nini bwana huyu, analia?"

"Muage vizuri," Hilda alisema, akiingiza mkono kwenye koti. "Na wewe, Len, safari hii usimbane. Huyu ndiye mtoto aliyetukanwa."