Mahari ya Ciku wa Kitabuni

Githae wa Thika alikuwa msemaji wa mahari, na watu walisema angeweza kudai mbuzi kutoka kwa jiwe, na jiwe likamshukuru. Mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyokalisha ukoo mmoja kwa mazungumzo tangu chai ya asubuhi hadi wazee waliokuja wamenyoa wakawa na ndevu, akawatoza mbuzi thelathini na tangi la maji ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja. Upande wa bibi arusi ukimchukua Githae, haukurudi mikono mitupu. Hilo ndilo lilikuwa jina lake, na tangu astaafu hakuwa na lingine.

Basi Waruguru, mwalimu wa zamani mwenye nyumba katika mtaa wa Membley, alipompigia simu akisema kwamba kuna msichana aitwaye Ciku ameposwa na hana wa kumsemea, Githae aliuliza maswali yake ya siku zote. Ukoo gani? Akajibiwa. Mchumba ni nani? Aoko, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kiuu, Ruiru. Ana kazi ya kutosha? Mageti hayaishi huko. Akaridhika. Katika miaka yake yote ya usemaji hakuwahi kuona haja ya kuuliza kama bibi arusi yupo.

Jumamosi alifika na kofia na fimbo. Sebule ilijaa watu wa kila rika, wengine wana nywele za rangi ambazo Githae alikuwa ameziona kwa ndege tu. Upande wa mchumba ulisemewa na Kanini, muuza mitumba mwenye asili ya Ukambani, mwanamke asiye na haraka. Walianza vizuri. Kanini alisema wameona ua katika boma hili wakalipenda. Githae akasema boma hili lina maua mengi, na mengine yana miiba. Walipofika pale ambapo wasichana hufunikwa leso ili mchumba amtambue wake, Waruguru alitoka jikoni na sinia. Juu yake kulikuwa na vifurushi vinne vya leso, kila kimoja ukubwa wa mkate.

Kanini alivipapasa, akachukua kimoja, akakifunua. Kilikuwa kitabu, jalada limebanduka, kurasa zimevimba kwa kushikwa.

"Huyu ndiye Ciku wetu," alisema, na sebule ikapiga vigelegele.

Waruguru alimweleza Githae bila kuona haya. Wao ni kikundi cha kusoma, na hadithi wanazozipenda ni za watu ambao katika hadithi nyingine hufa mapema au hawatajwi kabisa. Ciku wa kitabu hicho alizaliwa akahesabiwa mvulana, akapewa jina la babu yake. Alipokua akasema yeye ni msichana, na kwao karibu na mto Chania wakamfukuza. Aoko ni mwanamke, na alimpenda. Kitabu kinawaacha kwenye chumba cha kupanga huko Kiuu, wako hai, wanapika, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kubisha hodi. Kikundi kilifurahi kwamba hakuna aliyekufa, kisha kikaona haitoshi: Ciku naye astahili kuposwa na kusemewa. Na hawakutaka msemaji wa kuigiza. Huyo angewachekesha tu.

Githae angeweza kwenda zake. Lakini kuondoka katikati ya mazungumzo ni kushindwa, na yeye hakuwa ameshindwa bado. Alisema tu kwamba hawezi kumsemea mtoto asiyemjua, akaahirisha mazungumzo hadi Jumamosi ijayo, akatia kitabu ndani ya koti, akarudi Thika.

Alikisoma juma zima, kwanza kwa nia ya kutafuta makosa. Aliyapata: mwandishi hakujua mbuzi wa miaka miwili ana meno mangapi. Aligombana na Ciku kwa sauti, akamwita mkaidi, hadi mkewe akauliza kuna nani humo ndani. Kuhusu jambo lenyewe, yeye Mkristo wa kukaa viti vya mbele, hakusema kama alikubali au alikataa, na hakuna aliyemuuliza. Kilichomsimamisha ni pale mjomba wa Ciku, msemaji wa ukoo, anaposimama mbele ya wageni na kutangaza kwamba boma lao halijawahi kuwa na mtoto kama huyo. Methali zake zinafuatana kama ng'ombe waendao mtoni, na wazee wote wanaitikia. Githae alirudia ukurasa huo. Hotuba ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe asingebadilisha neno.

Jumamosi iliyofuata askari wa geti alimzuia mpaka aeleze mbuzi aliye kwenye buti la gari anaenda nyumba gani, na kama atalala.

Kanini hakumngoja anywe chai.

"Mzee Githae, mbuzi tunao. Lakini nimesoma kama ulivyosoma. Ukoo wa Ciku ulimkana. Sasa mtakula mbuzi wake kwa mdomo gani?"

Kila mtu alijua kwamba swali hilo likikosa jibu posa imevunjika, na Ciku atabaki kule chumbani bila mtu. Baadhi yao walikuwa na vyumba vyao vya kupanga, na simu ambazo hazikupigwa kutoka nyumbani. Hao ndio waliomkazia macho Githae.

Githae alivua kofia.

"Mdomo huo sina. Hapa nimekalia kiti cha yule mjomba. Mjomba hali mbuzi wake."

"Basi nani atakula?"

"Aliyekaa na mtoto ndiye hula. Ciku alifungiwa mlango akaja kwenu, mkamsoma hadi jalada likabanduka. Kwenu ndiko kwao. Sisi wa ukoo tunalipa faini ya kumfukuza. Mbuzi yuko nje."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mmoja aliyekuwa karibu na mlango alitoka kwenda kumwona huyo mbuzi, akakawia huko.

Kanini alisogea dirishani, akatazama bila haraka.

"Mmoja?" alisema. "Mtoto amekaa nje miaka yote hiyo, wakwe, mnaleta mmoja? Na amekonda hivi?"

Githae alifungua mdomo kupunguza, kwa mazoea tu. Alikuwa ameshaingia kwenye ukame na bei ya majani, akaacha katikati.

"Sema wewe," alisema.

Kanini akasema watatu, na blanketi la Ciku mwenyewe, maana huko nje kulikuwa na baridi. Githae akasema sawa, na posa ikapona. Hakuwa amewahi kukubali bei ya kwanza maishani, na ikawa kama hajui aiweke wapi mikono yake. Waruguru akampa kikombe cha chai akishike.