Filimbi ya Pili

Jamani, Tulia alikuwa mwalimu, akili zake timamu, lakini mwiko wa wakwe haukumjia kichwani kabisa. Miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, alikwenda Kawetele kwa Mzee Ambindwile wakapuliza filimbi: mzee sauti ya kwanza, yeye ya pili. Ulikuwa muziki wa Wafaransa wa enzi za wafalme wao, uliotungwa kwa filimbi mbili tu, bila kinanda. Mzee alifundishwa na padri mmoja Mfaransa, aliyemwachia filimbi zote mbili. "Nitazame machoni," alikuwa akimwambia Tulia. "Tukivuta pumzi pamoja, tutaingia pamoja."

Halafu Tulia akampenda Baraka, mtoto wa mzee huyo huyo. Tena alifurahi mara mbili: sasa angepuliza kila siku.

Ng'ombe wa mahari walipofika kwao, shangazi yake Atuganile akamwita pembeni. "Kuanzia leo, kwa mila yetu, baba mkwe humwoni. Ukisikia anakuja, unaingia migombani."

Tulia akacheka. "Shangazi naye! Mambo ya kizamani hayo. Yule ni mtu wa muziki wa Ulaya."

"Yule ni Mnyakyusa," shangazi akamjibu.

Harusi ikapita, wakahamia vyumba vya uani kwa mzee. Jumamosi ya kwanza Tulia akachukua filimbi, akabisha hodi sebuleni. Akasikia kiti kikiburuzwa, kisha mlango wa nyuma ukifunguliwa. Alipochungulia, mzee alikuwa anatokomea migombani, kichwa wazi, mvua inamnyeshea. Mzee wa miaka sabini na mbili, anamkimbia yeye! Tulia alilia pale pale barazani.

Akamtuma Baraka kuomba: yeye akae jikoni, mzee abaki sebuleni, mlango ufungwe, wapulize hivyo hivyo. Baraka alirudi kutoka kwa baba yake hamtazami. "Tata anasema kuvuta pumzi pamoja na mkwe ni sawa na kumtazama. Anasema anakuheshimu mno."

Heshima! Heshima gani hiyo ya kumkaba mtu koo? Akajifungia chumbani apulize peke yake, ikawa balaa zaidi. Sauti ya pili haina wimbo wake. Inangoja, inaitikia, inanyamaza. Ya kwanza hakuwahi kufundishwa. Alimlaumu shangazi, akamlaumu Baraka, mwisho akajilaumu mwenyewe, maana hakuna aliyemlazimisha kuolewa.

Mwezi wa nne wa ndoa Baraka akaingia, akasimama tu. "Tata amepata mwanafunzi. Anaitwa Jenifer, wa Kisiba. Tata anaomba ile filimbi."

Tulia akaipangusa kwa kanga, akaitenganisha vipande vitatu, akailaza kwenye kasha lake.

Jumamosi akamchemshia mgeni chai, Baraka akaipokea mlangoni. Sebuleni wakaanza. Jenifer akawahi kuingia, wimbo ukavurugika. Mzee akacheka kwa upole, wakaanza upya, na upya tena. Tulia alitamani kukimbia asiusikie, lakini hakuwa na pa kwenda. Hapo ndipo kwake sasa.