Jina la Pili Ubaoni

Maren Stucky alikuwa ametuma maombi arobaini na moja, na majibu aliyopata yalikuwa manne, yote ya kumshukuru kwa kuomba. Darasani kwao, usimamizi wa michezo, mwaka wa mwisho, walikuwa wanafunzi sitini, na wote sitini walitaka kufanya kazi kwenye timu. Wahadhiri waliwafundisha masoko, sheria na saikolojia ya ushindi. Walichosahau kuwaambia ni kwamba mlango wa kuingilia ni mmoja, nao ni mwembamba. Huwezi kupita mpaka uwe msaidizi wa uzamili: chuo kinakulipia shahada ya pili, kinakupa posho ya kununulia mkate, na wewe unakuwa punda wa kocha miaka miwili. Unapanga safari, unafua jezi, unakata video, unabeba lawama. Ukivumilia, kocha anampigia simu kocha mwenzake, nawe unakuwa mtu. Ukikosa, unarudi kwenu. Kwa Maren, kwao maana yake ilikuwa mji wa watu mia sita huko Kansas, na kazi ya kulinda bwawa la kuogelea lililofunguliwa miezi mitatu tu kwa mwaka.

Kwa hiyo Rusk Tolliver, kocha wa mpira wa kikapu wa wanaume katika Chuo cha Saline Bluff, alipomwita ofisini mwezi wa kwanza na kumwambia kwamba ana nafasi moja ya msaidizi, Maren alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti chenyewe kingechukuliwa. Tolliver alikuwa na meno mazuri na kumbukumbu fupi, vitu viwili vilivyomfikisha mbali. Hakutaka kumfanyia usaili. Alisema usaili ni wa watu wanaojua kuongea, yeye anataka kuona kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwapigia simu vijana wa sekondari ambao timu iliwataka, na wazazi wao, kila wiki, mpaka siku ya kusaini mwezi wa nne, ambapo vijana hutia saini mkataba na chuo. Siku hiyo naye angejua hatima yake.

Ubaoni ofisini kwake kulikuwa na ufadhili mmoja wa masomo uliobaki na majina mawili. La kwanza, Bryce Odom, jitu la Texas ambalo vyuo sita vililigombania. La pili, Colter Wiebe, kijana wa wakulima wa ngano magharibi ya jimbo la Kansas, mrefu, mpole, anayetupa mpira kwa utulivu wa mtu anayepanga mayai. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuambiwa na Tolliver, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba nafasi ni yake. Katika kazi hiyo si uongo, au hawauiti hivyo. Kuna ahadi unayoweza kuikubali, na kuna ahadi unayopewa uisikie tu, na anayepewa haambiwi ipi ni ipi.

"Huyu wa pili ni tairi la akiba," Tolliver alisema. "Tairi la akiba huliachi njiani. Unalibeba mpaka ufike."

"Si alishakubali lakini, Kocha?"

"Siku ileile. Ndiyo tabu ya watu wenu, wanakubali upesi. Ndiyo maana nimekuchukua wewe. Jina lako tu likitajwa kule, mlango uko wazi."

Watu wenu, yaani Wamenoni, waumini wa Kanisa la Mennonite. Maren alilelewa humohumo, akijua tangu mdogo kwamba kwao mtu hali kiapo hata mahakamani, kwa sababu ndiyo yake inatosha. Mtu akikupa neno lake halafu wewe ukadai maandishi, umemtukana yeye na mama yake. Babu yake aliwahi kuuza shamba zima kwa kushikana mikono kwenye uzio. Tolliver hakuyajua hayo kwa undani, ila alikuwa na pua ya kunusa.

Maren alianza kupiga simu, na akaiweza kazi kupita alivyotarajia. Mama yake Colter, Bi Arlene, alipopokea simu ya kwanza aliuliza Stucky wa wapi, na baada ya dakika kumi walikuwa wamegundua kwamba shangazi wa mmoja alifundishwa nyimbo za kanisani na mjomba wa mwingine. Tangu hapo ikawa mwanangu huku, mwanangu kule. Maren akajua ng'ombe gani amezaa, goti la nani linauma, na Colter amekula nini kabla ya mechi. Mwezi wa tatu familia ilipokuja kutembelea chuo, Bi Arlene alileta sinia la mikate iliyojazwa nyama na kabichi, bado ina joto, imefungwa kwa taulo mbili. Tolliver alikula mitatu amesimama, akamshika baba mtu bega, akasema chuo hiki sasa ni nyumbani kwao. Baba mtu alisema asante, akatazama viatu vyake kwa furaha. Colter aliomba kuona chumba cha kubadilishia nguo. Alitafuta kabati lisilo na jina, akasimama mbele yake muda mrefu, lakini hakuligusa.

Maren aliyaona hayo yote. Nasema hivi ili mtu asije akamtetea kwamba hakujua.

Wiki tatu kabla ya siku ya kusaini, Bi Arlene alipiga mwenyewe. Kuna chuo kingine, kidogo, huko Nebraska, kilikuwa kimempa Colter ufadhili kamili tangu vuli, na sasa kinataka jibu kufikia Ijumaa. Kocha wa kule ni mzee mstaarabu, alisema, na yeye na mumewe wanaona aibu kumweka mtu wa watu akisubiri wakati wao wameshatoa neno kwingine. Walitaka kumwambia hapana leo hii, ili nafasi ampe mtoto mwingine. Lakini baba yake Colter alisema kwanza waulize.

"Tukuulize wewe, mwanangu," Bi Arlene alisema. "Wewe uko ndani. Kule kwenu kuko sawa?"

Maren alisema atampigia baada ya muda mfupi, akaenda ofisini kwa Tolliver. Alimweleza. Odom bado alikuwa anazungushana na vyuo vinne. Maren alisema, kwa sauti ya chini, kwamba labda wawaambie hawa wa ngano washikilie nafasi ya Nebraska mpaka mwisho.

Tolliver hakukasirika. Alizungusha kiti akatazama uwanja dirishani.

"Wakishikilia Nebraska, Odom akitukataa nabaki mikono mitupu," alisema. "Ila mimi sikuambii useme nini. Sijakuambia kitu, umenielewa? Unataka kufanya kazi hii. Basi ifanye."

Maren alirudi mezani kwake. Pale mezani palikuwa na barua ya kwao, bwawa la kuogelea linatafuta mlinzi. Aliigeuza uso chini. Ningependa kusema alihangaika siku nzima, ila haikufika hata dakika tano. Alipiga simu na Bi Arlene akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Bi Arlene, Kocha ameshatoa neno lake," alisema. "Unajua mwenyewe neno kwetu lina uzito gani."

Alisema kwetu. Angeweza kusema lolote jingine katika dunia hii, akachagua hilo. Bi Arlene akashusha pumzi, akamshukuru, na kabla ya chakula cha mchana Nebraska wakawa wameambiwa hapana kwa heshima zote. Yule mzee mstaarabu alimpa nafasi mtoto mwingine siku hiyohiyo, na akamtumia Colter salamu za heri.

Siku ya kusaini, shule ya sekondari ya akina Wiebe ilisimamisha masomo saa nne asubuhi. Maren alijua kila kitu kilichopangwa kwa sababu Bi Arlene alimweleza wiki nzima: meza katikati ya ukumbi wa mazoezi, kitambaa cha rangi za Saline Bluff kilichoshonwa na bibi, kofia tatu za chuo juu yake, mchungaji wa kuomba, watoto wa darasa la kwanza mstari wa mbele. Kilichokosekana ni karatasi ya kusaini. Chuo ndicho huituma asubuhi hiyohiyo, mzazi akaichapa, kijana akaweka saini watu wakitazama.

Saa nne kasorobo Bi Arlene alipiga kuuliza kama mashine yao ya kuchapa ina kasoro, maana hawajaona kitu. Maren alimtazama Tolliver ng'ambo ya chumba. Kocha alikuwa na simu sikioni, anaongea na Texas, akainua kiganja: subiri. Maren akasema ofisi ina foleni leo, vuta subira kidogo. Saa nne na dakika tano Bi Arlene alipiga tena, kwa kunong'ona, kwamba watu wameshakaa. Kiganja bado kilikuwa juu. Maren akamwambia dakika tano tu, mama, naye akasema atasubiri bila kukata. Saa nne na robo mashine ya ofisini ikalia, ikatema karatasi yenye saini ya Bryce Odom, na vijana wa ofisi wakapiga mbinja. Tolliver akageuka akamtazama Maren, akapitisha kidole shingoni huku akitabasamu kwa ajili ya picha waliyokuwa wanampiga.

Bi Arlene alikuwa bado yuko kwenye simu.

"Nafasi haipo, Bi Arlene," Maren alisema.

"Haipo leo, au haipo kabisa?"

"Haipo."

Bi Arlene akasema ngoja akamwambie mwanawe yeye mwenyewe, asije akaambiwa na mwingine. Hakukata simu, nadhani alisahau kwamba anayo mkononi. Maren akasikia viatu vyake vikivuka sakafu ya ukumbi. Halafu akasikia makofi. Watu walimwona mama anakuja na simu mkononi, wakadhani ndiyo habari njema, na ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi, watoto wa darasa la kwanza wakilitaja jina la Colter kwa pamoja. Maren alisikiliza mpaka yakaanza kufifia, safu moja baada ya nyingine. Kisha Tolliver akamgusa bega, akamwambia aandike tangazo la kumkaribisha Odom, liwe limetoka ndani ya dakika kumi. Aliandika kwa dakika saba.

Alasiri hiyo aliitwa ofisini na kupewa barua yake. Msaidizi wa uzamili, idara ya mpira wa kikapu, miaka miwili. Tolliver alisema amefundisha watu miaka kumi na tisa na hajaona aliyezaliwa kwa ajili ya kazi hii kama yeye. Maren aliona fahari. Lazima lisemwe na hilo, fahari ilimpanda mpaka masikioni, na alitia saini papo hapo.

Alikuwa anatembea kwenda garini, jua likiwa bado juu ya viwanja, simu ilipolia. Jina la Bi Arlene. Alitaka kuiacha, kisha akaona bora matusi yaishe leo. Akapokea.

Bi Arlene hakuwa na matusi. Alisema Colter yuko shambani na baba yake, hajasema neno tangu asubuhi, ila amekula. Nebraska wamejaa, wameuliza. Kijana ataanza kazi Jumatatu kwenye ghala la nafaka, na mwakani Mungu atajua. Halafu akasema hakupiga kwa ajili hiyo. Alikuwa amekaa akifikiri, na mumewe pia, na wote wawili wameona jambo moja.

"Tumejua si wewe, mwanangu," alisema. "Msichana wa watu kama sisi hawezi. Wamekutumia tu, wakakuficha. Na wewe walikudanganya, sivyo?"

Maren alisimama kando ya gari, barua ikiwa ndani ya mkoba begani.

"Ndiyo, mama," alisema. "Na mimi walinidanganya."

"Nilijua," Bi Arlene akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia, akimlilia yeye. "Pole, mwanangu. Pole sana. Sasa na wewe utafanyaje?"