Mkabala na Fundi Albano

Websaiti ya Shamimu binti Twalib iliandikwa kwanza kwa penseli, kwenye daftari la mistari, upenuni mwa nyumba ya marehemu mama yake pale Msasani, huku maharage yakichemka pembeni. Si utani. Kompyuta ilikuwa Kinondoni, kwenye intaneti kafe iliyokuwa ikilipiwa kwa nusu saa, na mwenye akili zake hawezi kukaa mbele ya mashine ya kulipia huku bado anawaza aandike nini.

Ilikuwa mwaka 1999. Shirika la umma alikopiga chapa kwa miaka kumi na minane lilikuwa limeuzwa, na wenye mali wapya waliwaaga makatibu muhtasi wote kwa cheti na soda. Shamimu hakulia. Alirudi nyumbani, akatoa magunia na vitanda vibovu kwenye vyumba vinne vya uani, akavipaka chokaa, akatundika vyandarua, akatangaza kwamba hiyo sasa ni nyumba ya wageni. Akaiita Ocean Pearl, kwa kuamini kwamba Mzungu hawezi kulala usingizi mahali panapoitwa Kwa Bi Tunu, kwa jina la mama yake.

Tatizo lilikuwa kaka yake, Mfaume. Nyumba ilikuwa yao wawili, na yeye ndiye mkubwa. Alikuwa mstaafu wa bandarini, mgane, mtu wa kukaa barazani tangu asubuhi na kikombe cha kahawa na neno la kumwambia kila apitaye. Bwana mmoja mwenye mikahawa alikuwa anaitaka nyumba ile aibomoe, ajenge mahali pa kuuzia kamba wa kukaanga. Mfaume naye alishaanza kuzungumza habari za kiwanja Mbezi Beach na bati lisilovuja. Shamimu alizaliwa chumba cha mbele cha nyumba ile, na mama yao alifia humo humo.

"Basi tufanye hivi," Mfaume alisema siku moja, alipochoka kubishana. "Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane yule bwana anakuja baada ya alasiri. Ukiwa umepata mgeni hata mmoja kwa hiyo intaneti yako, simuuzii. Usipopata, tunatia sahihi. Na kibao getini usiweke kwanza. Sitaki Msasani nzima ituchekee."

Basi Shamimu akaingia shule upya, na umri wake wa miaka arobaini na miwili. Sesilia, binti aliyekuwa akisimamia ile kafe, alimchapia kurasa ishirini za mafunzo. Kumbe websaiti ni lugha ya mabano: unafungua mabano, unaandika jambo lako, unayafunga. Ukifungua usipofunga, umeharibu. Wiki ya kwanza Shamimu alisahau kufunga herufi nene, na ukurasa mzima ukapiga kelele tangu jina la nyumba hadi habari za chai ya asubuhi. Lakini mtu aliyepiga chapa barua za mameneja watano bila kukosea nukta haogopi mabano. Mwezi wa tatu ulipoisha, Ocean Pearl ilikuwa hewani, kwa kampuni moja ya ng'ambo iliyogawa nafasi bure.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa maelekezo. Njia ya kwao haikuwa na jina, na nyumba hazikuwa na namba. Shamimu akaelekeza kama ambavyo Msasani yote ingeelekeza, ila kwa Kiingereza cha ofisini: ukifika kituoni, uliza banda la fundi Albano wa baiskeli, kila mtu anamjua, nyumba yetu iko mkabala naye, geti la buluu. Na ilikuwa kweli tupu. Albano alikuwa Mngoni wa Songea, mcheshi, fundi hodari, na hakuna tairi Msasani ambalo mkono wake haujaligusa.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kuitunza, na hapo Shamimu alionja utamu. Kila wiki alikwenda Kinondoni na diski yake ndani ya mfuko wa nailoni, akabadilisha hiki na kile. Rangi peke yake alibadilisha mara sita. Akaweka picha ya chandarua. Akaweka kihesabu cha wageni, nacho kikafika mia moja na arobaini, ingawa Sesilia alimwambia waziwazi kwamba mia na kumi kati yao walikuwa Shamimu mwenyewe. Ukurasa wa maelekezo hakuugusa. Wa nini? Njia haibadiliki.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, imeili ikaja. Shamimu aliisoma mara tatu, kisha akamkumbatia Sesilia kwa nguvu, miwani ikamtoka. Waholanzi wawili, kaka na dada yake, walimu wastaafu, wangeshuka bandarini kutoka Unguja Jumamosi saa sita mchana. Wanaomba vyumba viwili kwa siku kumi. Asihangaike kuwafuata, waliandika; wameuchapa ukurasa wake, watachukua teksi, na maelekezo yake yanaeleweka vizuri kabisa.

Jumamosi alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Saa saba alikuwa getini. Saa nane alikuwa getini. Saa tisa samaki alishapoa mara ya pili.

"Hao wageni wako wanakuja kwa miguu kutoka Ulaya?" Mfaume aliuliza kutoka barazani.

"Watakuja, kaka."

"Inshallah. Ila mie naona ile mashine imekuchezea shere."

Baada ya swala ya alasiri yule bwana wa mikahawa akafika na faili lake, amejipulizia marashi. Mfaume akamvutia kiti. Karatasi zikatandazwa, kalamu ikatolewa. Shamimu hakutaka kuiona ile kalamu, akageuza uso kutazama ng'ambo ya njia. Pale ng'ambo palikuwa na genge. Nyanya zilizopangwa mafungu, vitunguu, ndimu, na mama mwenye genge anafukuza nzi.

Genge. Si banda la baiskeli.

Albano alikuwa amehamia Sinza tangu mwezi wa sita! Yeye mwenyewe, Shamimu, ndiye aliyempikia pilau ya kumuaga. Alipita mbele ya genge lile kila siku iendayo kwa Mungu, akinunua ndimu, akienda Kinondoni kubadilisha rangi.

Mficha uchi hazai. Akasogea barazani akasema, "Kaka, nimekosea. Nimewaelekeza waulize kwa Albano. Watu watakuwa wamewaambia yuko Sinza."

Mfaume akaweka kikombe chini. "Sinza?"

"Sinza."

"Umewatuma wageni wako Sinza, penye gesti kila baada ya nyumba mbili? Dada yangu, wale saa hizi wameshaoga na kuagiza bia." Alicheka, kisha akamwona dada yake hacheki, akaacha. Akaichukua kalamu lakini hakuandika. Aliizungusha tu vidoleni, na mwenye mikahawa akakohoa kidogo kumkumbusha.

Honi ikalia. Teksi nyeupe ilisimama getini, na kabla haijatulia, mtu mwenye ovaroli la grisi akaruka nje, karatasi mkononi kaipeperusha juu.

"Mzee Mfaume, shikamoo! Dada Shamimu, njoo uchukue watu wako!"

"Marahaba, Albano," Mfaume alisema taratibu. "Umewatoa wapi hawa?"

"Wamekuja kwangu! Niko na tairi la mtu, naona teksi, Wazungu wawili wanashuka na karatasi. Wananionesha. Nasoma: Albano. Jina langu, limechapwa, kutoka Uholanzi!" Alikuwa bado hajaamini. "Nikamwita jirani asome. Nikawaita wa dukani. Nimekawia kwa hilo, dada, unisamehe, Sinza nzima ilitaka kuliona. Nikawanunulia soda wapumzike."

Nyuma yake mama wa Kiholanzi mwenye kofia ya ukili alikuwa anashuka garini, amechoka na anacheka, kaka yake anabishana na mkoba ulionasa mlangoni.

"Na hizo gesti zote za Sinza hazikuwachukua?" Mfaume aliuliza.

"Walijaribu, mzee. Mmoja alishika mpaka begi. Nikamwambia weka chini. Mtu nimeandikwa kwamba mie ndiye njia, halafu nipoteze watu?"

Shamimu alicheka na machozi kwa pamoja, asijue aanze na lipi, la kumshukuru Albano au la kupasha samaki. Akafanya yote mawili, akimwambia fundi kutoka jikoni kwamba akiondoka bila kula watagombana.

Mfaume akamrudishia yule bwana kalamu yake. "Tuliahidiana na dada yangu, na ahadi ni deni."

"Wageni wawili si biashara, mzee," mwenye mikahawa alisema akikusanya karatasi. "Nitarudi mwezi ujao tuzungumze."

"Karibu," Mfaume alisema, bila kumtazama. Shamimu alilisikia neno hilo kutoka jikoni, na furaha yake ikaingia doa. Karibu si hapana.

Walipokwisha kula, wageni wakaingia kupumzika na Albano akaondoka na ile karatasi, maana aligoma kabisa kuiacha. Shamimu aliinakili kwanza kwenye daftari. Alikaa upenuni na penseli, kusahihisha ukurasa wa maelekezo ili Jumatatu aupeleke Kinondoni. Akalifuta jina la Albano. Akaandika genge. Akalitazama lile genge, akalifuta nalo.

Mfaume alikuja na kikombe chake, akasimama nyuma yake, akachungulia muda mrefu kama anayesoma barua ya mtu.

"Ndivyo inavyokwenda? Mabano haya?"

"Ndivyo. Unafungua, unaandika, unafunga."

"Na genge mbona umelifuta?"

"Litahama tu, kaka. Kila kitu mtaa huu kinahama. Nahitaji kitu ambacho mtu akija hata mwaka kesho atakikuta."

Mfaume akanywa kahawa. Akatazama ukuta wa chumba cha mbele, akatazama baraza, na kile kiti chake kilichokwisha kuchimba mashimo manne sakafuni.

"Andika mie," alisema.

"Wewe?"

"Andika: uliza Mzee Mfaume, yuko barazani. Msasani nani hanijui? Albano mwenyewe kajulikana kwa kukaa mbele yangu."

Shamimu aliishika penseli bila kuandika. Aliogopa kuuliza, akauliza. "Na ukihamia Mbezi?"

"Nihame vipi," Mfaume alisema kwa ukali, "na huko Ulaya watu wameshaambiwa niko hapa? Andika. Na kesho tafuta mtu wa kibao."

Shamimu akafungua mabano, akaandika jina la kaka yake, akafunga.