Upande wa Chini wa Sanduku

...na kazi ni ileile, alijiambia Eduvigis, uende mbio au ujikokote, kani mara umbali, kilo kumi na moja za sanduku na sitini na nne zake mwenyewe, mara kumi za mvutano wa dunia, mara mita thelathini za mlima huu, jouli elfu ishirini na mbili na mia tano, aliwaandikia watoto wa Valparaíso ubaoni miaka thelathini na minne mpaka vumbi la chaki likamharibu kifua, kinachobadilika ni nguvu tu, kazi kwa kila sekunde, zamani alizimaliza ngazi hizi kwa dakika moja na robo, wati mia tatu kamili, leo robo saa imepita na bado yuko kipandio cha tisini, hata taa ya jikoni inamshinda, na hapa alipoketi, viazi na maboga miguuni, hapandi wala hashuki, kazi sifuri, basi mbona moyo unamwenda mbio hivi... Ercilia angecheka, angesema pumzika dada, mlima hauendi popote... la, asimfikirie Ercilia, afikirie viazi, atapika vingapi, viwili, ingawa mtu mmoja kimoja kinatosha, kimoja kitabaki, kila siku kinabaki kimoja, mkono haujajifunza kupikia mtu mmoja, miaka arobaini amepika kwa wawili, yeye na Ercilia, mdogo wake mshonaji, tangu mama yao alipofariki, na kila Jumatano walilipandisha sanduku pamoja kutoka sokoni, mpaka Machi, mpaka ile Jumapili mezani, jambo lenyewe la kipuuzi, paa linavuja, tuzibe paa kwanza au dirisha, na Eduvigis akasema kwa sauti ileile ya darasani, Nimekubeba miaka arobaini, Ercilia, na Ercilia akaweka kijiko chini taratibu, hakulia, angalau angelia, Jumanne yake akapanda basi la Coquimbo kwa mpwa wao, cherehani akaiacha, na mtu aliyeacha cherehani atarudi, alijituliza hivyo Aprili, Mei, Juni, simu ya Ercilia ikaita mara mbili hakuipokea, alisubiri iite ya tatu, sasa ni Oktoba...

"Tupishe kidogo, Mwalimu, tunapita!"

Akavuta miguu, ni jirani Nibaldo na mkewe Rosenda, wanapandisha jiko jipya, wamelishika kwa chini, Nibaldo juu anakwenda kinyumenyume, Rosenda chini, uso umemwiva, "Nibaldo, umebeba au unasindikiza?", "Nimebeba, mama watoto, huioni mikono yangu?", "Mikono naiona, uzito ndio siuoni, wote umehamia huku kwangu!", "Mwalimu, hebu mwambie huyu, watu wawili jiko moja, si nusu kwa nusu?", na Eduvigis akafungua kinywa aseme ndiyo, nusu kwa nusu... la, jiko limeinama, kitu kikiinama uzito humlalia aliye chini, ngazi zikiwa kali ndivyo anavyozidi kuelemewa, swali la nne la mtihani, aliwatungia wanafunzi mwenyewe, alama sita, na wengi walikosa, aliwakata alama bila huruma, na Jumatano, Jumatano nani alikuwa chini, Acha nitangulie, mdogo wangu, alisema yeye Eduvigis, macho yangu mabovu, nikiwa nyuma ya mtu sioni vipandio, na Ercilia akashika chini, miaka arobaini, wakifika nyumbani Eduvigis ndiye aliyejitupa kitini, Nimechoka mimi, na Ercilia akienda kujipaka mafuta vidoleni, ubao wa sanduku umemchora mistari myekundu, hawezi kushika sindano mpaka iondoke, na Eduvigis alidhani ni urembo, Mungu wangu, alimtania, Unajirembea nani, mwanamke wewe...

"Mke wako anasema kweli," alisema, lakini jiko lilikwisha pita, sauti ya Rosenda ikashuka kutoka juu, "Umesikia? Umesikia lakini?", kisha kicheko cha wote wawili, kisha mlango, kisha upepo tu.

Akabaki palepale, kipandio cha tisini, vipandio sabini mbele yake, hakuinuka, mkono ulikuwa mfukoni juu ya simu na alikuwa anatafuta neno la kwanza, si paa, si habari za huko, si nisamehe, hilo litafuata lenyewe, ataanza na mikono, hivi mikono yako, Ercilia, hivi bado inauma...