Bure na Muuguzi Hewa

Bure alikuwa amepiga magoti chini ya kitanda cha dirishani akifuta mkojo uliomwagika, redio ya wodini ikisoma taarifa ya habari ya asubuhi. Alilikamua tambara ndooni, akafuta tena. Mkojo haukumtia kinyaa. Kilichomtia kinyaa kilikuwa redioni, kikikohoa kabla ya kuhutubia.

"Serikali haitawavumilia tena wafanyakazi hewa," alisema waziri. "Tutawang'oa mmoja mmoja!"

Bure alisonya. "Huyo naye! Hayo majina hewa anayaingiza nani, kama si watu wake mwenyewe?"

Mzee wa dirishani, fundi cherehani aliyepooza kuanzia kiunoni, alicheka mpaka akapaliwa. "Mwanangu, punguza sauti. Utafukuzwa kazi."

"Kazi ipi, baba? Mimi najitolea."

Ndiyo maana wodini walimwita Bure. Alimaliza chuo cha uuguzi akaambiwa asubiri ajira, akachoka kusubiri sebuleni kwa mama yake, akaja kujitolea. Msimamizi wa hospitali alimwahidi kwamba nafasi ikipatikana tu, ni yake. Nafasi yenyewe ilikuwepo. Ilikuwa imejazwa zamani na muuguzi ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni, na mshahara wake ulikuwa ukiishia mfukoni mwa msimamizi, huku wakubwa wa msimamizi nao wakilambishwa.

Siku chache baada ya hotuba hiyo, muuguzi huyo alianza kuja kazini. Mlango ulifunguka, sare iliyotundikwa msumarini ikavimba kifuani na mikononi, ikajifunga vifungo, ikaanza kupita kitanda hadi kitanda. Juu ya kola hapakuwa na kitu. Bure alimwonyesha pa kuwekea mkoba, kisha akakumbuka kwamba hana mkoba.

"Niwie radhi kwa kuchelewa," ilisema sare, kwa sauti ya mtu anayepuliza chai ya moto. "Nimeona haya, dada. Nalipwa miaka yote na sijawahi kufika."

"Karibu kazini," alisema Bure. "Ila wagonjwa wa humu ni wazito."

Mwenzake alikuwa na moyo, lakini hewa ni hewa. Aliwapepea wenye homa, akafukuza inzi, akakausha mashuka. Kumgeuza Mzee alishindwa. Na Mzee alitakiwa kugeuzwa asubuhi, mchana na jioni, la sivyo mgongo ungeoza. Ulikuwa umeshaanza kuchubuka. Wauguzi wengine walikuwa na wodi zao, hivyo kazi hiyo ilikuwa ya Bure. Alipitisha mikono chini ya mabega yake, akasema, "Haya baba, moja, mbili," naye Mzee akamalizia "tatu!" kwa mbwembwe za dalali wa mnadani.

Mchana mmoja redio ilimleta waziri tena. Sasa aliwataka vijana waige moyo wa kujitolea. Zamani Bure alilipenda neno hilo, moyo. Sasa akilisikia kinywani mwa waziri alitamani kutema mate, na siku hiyo alitema kweli, kwenye beseni alilokuwa anakwenda kulimwaga. Humo ndani hayakuchafua kitu.

Wakaguzi walikuja kwa gari jeupe, mwandishi wa habari akiwafuata nyuma. Msimamizi aliwapanga watumishi ukumbini. Sare ilisimama wima, imepigwa pasi. Mkaguzi mkuu aliishika mkono, ukabonyea, akaitikia kwa kichwa.

"Huyu yupo. Nadhifu, na halalamiki." Akamgeukia Bure. "Na wewe?"

"Najitolea."

"Kwenye mfumo huonekani."

"Wodini naonekana."

"Asiyeonekana kwenye mfumo tunamwitaje?" mkaguzi aliwauliza wenzake.

"Hewa!" waliitikia pamoja, kama darasani.

"Jamani," ilisema sare, "hewa ni mimi."

Mkaguzi alikwenda kufunga dirisha. "Kuna upepo humu," alisema. Msimamizi aliangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya.

Jioni habari zilitangaza kwamba mfanyakazi hewa amebainika na kuondolewa, na waziri akapongezwa. Bure alisikia akiwa anaosha vyombo nyumbani kwa mama yake.

"Watu hawa wananuka, mama," alisema. "Nimeosha vidonda vya kila aina, sijakutana na uvundo kama huu."

"Pumzika basi, mwanangu. Kesho usiende."

"Mzee atageuzwa na nani?"

Asubuhi alifika kama kawaida. Mlinzi wa getini hakumzuia. Alishika tu kofia yake isipeperuke. Wodini harufu ya kidonda ilikuwa imeshaanza. Sare ilikuwa kando ya kitanda cha dirishani, ikihangaika na inzi walioongezeka.

"Nimejaribu kumgeuza usiku kucha," ilisema.

"Najua, dada," alijibu Bure, na sauti yake nayo ilikuwa ya kupuliza chai.

Alivuta shuka. Shuka lilipepea kidogo, likatulia palepale. Akapitisha mikono chini ya mabega ya Mzee.

"Haya, baba. Moja, mbili."

Mzee alifumba macho. "Leo kuna kaupepo kazuri," aliiambia sare. "Lakini Bure akija, mwambie aanze na mimi. Mgongo unawaka moto."