Mvua ya Daftari la Salvator

Saa tatu kamili asubuhi Annonciata aliweka chini ungo wa mihogo, akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda kusoma kipimamvua. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Katika miaka yote aliyoifanya hakuichelewesha hata dakika tano, isipokuwa siku aliyojifungua mwanawe Egide, na siku hiyo pia alimtuma jirani. Kipimamvua chenyewe ni kopo refu la shaba lenye faneli mdomoni na chupa ndani, limesimikwa katikati ya uwanja aliouzungushia fito ili mbuzi wasije wakalikumba. Alitoa chupa, akamimina maji kwenye glasi yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa usawa wa maji. Milimita kumi na nne nukta mbili. Akaandika.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu wiki ya pili ya Desemba, na sasa ilikuwa katikati ya Januari. Mahindi ya Kasokola yalikuwa yamefika magotini, yakajikunja, yakakata tamaa. Wingu lilikuwa likipita kila alasiri kuelekea upande wa Mamba, na huko nako, kwa habari zilizoletwa na wenye bodaboda, halikushusha kitu.

Wiki ya kwanza ya kukuta maji chupani bila mvua Annonciata alidhani kuna mtu anamchezea. Wiki ya pili alikuta kwenye faneli maua ya manjano ya mninga, mabichi, yenye umande. Kutoka kwake mpaka barabara kubwa hakukuwa na mninga hata mmoja uliosimama. Mingine ilikaushia tumbaku, mingine ilikuwa mkaa, na baadhi ya mkaa huo aliuchoma Egide mwenyewe na kuupeleka sokoni Makanyagio kwa baiskeli. Basi akafungua sanduku, akatoa daftari la marehemu baba yake, akatafuta tarehe. Salvator aliandika kwa wino wa buluu, namba zilizolala kidogo upande wa kulia. Januari 1982: kumi na nne nukta mbili. Jana yake: sita kamili. Juzi yake: thelathini na moja nukta tano. Kila siku ililingana na alichokiandika yeye.

Alimwonyesha mwenyekiti wa kijiji, Mzee Deusdedit, ambaye alinusa chupa na kutikisa kichwa.

"Haya ni maji ya zamani," alisema. "Ya sasa hayana harufu hii." Akaaga, maana alikuwa anawahi kikao.

Jambo hilo lisingekuwa na uzito wowote, kama si orodha. Serikali ilikuwa inaandaa orodha ya maeneo yenye ukame, na eneo likiingia kwenye orodha linaletewa mahindi, na zahanati yake inaletewa unga wa lishe kwa watoto. Orodha ingefungwa mwisho wa Februari. Ilitengenezwa kwa takwimu za mvua, na takwimu za mvua za upande ule zilitoka mahali pamoja tu, kwenye kopo la Annonciata. Na Annonciata alikuwa na mjukuu wa miezi minane, Aurélie, ambaye mama yake maziwa yalikuwa yamemkaukia.

Emelyne, mke wa Egide na mama wa mtoto, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alirudi kutoka zahanati akiwa amembeba Aurélie mgongoni, akakaa kwenye kigoda, akasema nesi amempima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi, na umesoma njano.

"Unga wa lishe upo?"

"Haupo. Wanasema unakwenda kwa walio kwenye orodha." Akamhamishia mtoto mapajani. "Mama, andika sifuri."

"Sifuri ni chupa ikiwa kavu."

"Shamba ni kavu."

"Shamba halina fomu, Emelyne."

Msimwone Annonciata kuwa na moyo wa jiwe. Baba yake alivuka mpaka mwaka sabini na mbili akiwa na mke, sufuria, na yeye Annonciata akiwa mchanga, bila karatasi yoyote duniani yenye jina lake. Kule Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi walipowekwa, kitu cha kwanza alichokabidhiwa chenye mhuri kilikuwa kipimamvua. Salvator alikiheshimu kama watu wanavyoheshimu madhabahu. Andika kilichomo, alimwambia binti yake; usiandike unachokitaka, wala unachokiogopa. Annonciata aliishi miaka zaidi ya thelathini akiitwa mkimbizi kabla hajapewa cheti cha uraia, na cheti hicho alikiweka kwenye mfuko mmoja wa nailoni na daftari la baba. Alipoolewa Kasokola na baba akafariki, alilibeba kopo kichwani mpaka huku. Aliamini, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo, kwamba mtu aliyefanywa raia kwa karatasi akiandika uongo kwenye karatasi ya serikali, siku moja watakuja na kusema: tuonyeshe ile nyingine.

Kwa hiyo aliandika kumi na nne nukta mbili. Lakini fomu ilikuwa na safu ya maelezo, na humo aliongeza kwa herufi za kusomeka: Mvua haikunyesha. Maji yapo. Aliandika hivyo kila siku mpaka mwezi ukaisha. Kule ofisi ya hali ya hewa kompyuta ilikuwa na nafasi ya namba tu.

Maji yenyewe aliyamwaga kama alivyofundishwa. Salvator alikuwa na desturi kwamba maji yakishahesabiwa hurudishwa ardhini, maana yalikuwa njiani kwenda huko na ni sisi tulioyachelewesha. Chini ya fito kulikuwa na shina moja la mahindi lililojiotea, na Annonciata alilimwagia hilo. Shina likawa refu kuliko mtu, jani lake pana, jeusi kwa afya. Majirani walikuja kulitazama, wakalisifia, wakarudi kwenye mashamba yao.

Mwanzoni mwa Februari wataalamu wawili walifika, wakafanya mkutano kwenye ofisi ya kata. Mmoja alikuwa Bwana Osward, aliyepokea namba za Annonciata kwa simu kila asubuhi, kijana mpole mwenye miwani. Mwingine ni dada mmoja mtafiti, Katarina, aliyetoka chuoni na kompyuta iliyojaa michoro.

Bwana Osward alibandika chati ukutani. Mstari mwekundu ulikuwa wa mwaka 1982, wa buluu wa mwaka huu, na ilibidi aeleze hivyo kwa mdomo kwa sababu ulionekana mmoja.

"Hii ni mizunguko ya asili," alisema. "Dunia ina vipindi vyake. Kuna miaka ya joto na ya baridi, ya mvua na ya kiangazi, tangu kabla ya babu zetu. Tusitafute mchawi. Tazameni, mvua imerudi ilivyokuwa."

"Mizunguko ipo, sibishi," alisema Katarina. "Bahari hupata joto ikapoa, na mvua huhama nayo. Lakini mzunguko haurudi na nukta zake zote, Osward. Na joto halizunguki siku hizi, linapanda tu. Kila muongo umekuwa na joto kuliko uliopita, na hilo asili peke yake haielezi. Ni moshi."

"Moshi wa nani?" aliuliza mzee mmoja wa benchi la nyuma.

"Wa viwanda na magari na mitambo ya umeme. Mwingi ni wa mbali sana na hapa. Mdogo ni wa hapa."

Hapo watu walipata pa kushika. Wengine wakasema ni tumbaku, wengine wakasema ni ng'ombe waliohamia, na mzee wa benchi la nyuma akasema ni nyie wa Katumba mliofyeka msitu mlipokuja. Annonciata aliangalia vidole vya miguu yake. Saa hiyo hiyo Egide alikuwa porini anafukia tanuri la mkaa, kwa kuwa mahindi yalimshinda, na moshi wake mdogo ulikuwa unakwenda kuungana na ule mkubwa wa watu asiowajua. Annonciata alisimama.

"Samahani. Mimi nilitaka kuuliza orodha tu."

"Orodha inafungwa mwisho wa mwezi, mama," alisema Bwana Osward. "Lakini kwa takwimu zenu mna mvua nzuri. Hongereni."

"Mvua haijanyesha, baba. Umepita kwenye mashamba."

"Nimepita." Alivua miwani akaifuta, na ilionekana wazi kwamba inamsumbua. "Nimeona. Lakini shamba ni jambo la macho, na mimi natakiwa nipeleke kipimo."

Katarina alisema maji yale inabidi yapelekwe maabara, na kwamba ataandika ripoti kali, ambayo ikipitishwa na wenzake itatoka mwakani. Aliomba chupa moja. Annonciata akampa ya siku hiyo, milimita tisa. Kisha wataalamu wakanywa soda, wakapanda gari moja, maana walikuwa wamesoma darasa moja na bado walikuwa na mengi ya kubishana njiani.

Kulikuwa na jambo ambalo Annonciata hakumwambia Emelyne. Alikuwa amefunua daftari mbele. Mwezi wa Machi 1982 ulikuwa na siku tatu tupu: tarehe tisa, kumi na kumi na moja. Ni mahali pekee ambapo kalamu ya Salvator ilinyamaza. Annonciata alikuwa na miaka kumi wakati ule, na alikumbuka vizuri. Ndugu yake mdogo, Arcade, wa miezi kumi na moja, alikufa kwa homa, katika mwaka ambao mahindi yalizidi magunia na maji yalifika kizingitini. Wanaume walichimba kaburi huku wakiteka maji kwa ndoo. Baba alikaa msibani siku tatu na kopo likafurika bila kusomwa. Alihesabu siku zilizobaki kabla ya tarehe tisa, na akawa anazihesabu kila anapoamka.

Wiki ya pili ya Februari lile shina lilitoa mahindi mawili. Waliyavuna mabichi, wakayatwanga, wakamchemshia Aurélie uji. Siku nne mtoto alikula. Siku ya tatu alimvuta bibi yake sikio na kucheka, na Emelyne aliimba wakati anaosha vyombo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi. Siku ya tano uji uliisha. Juma lililofuata utepe ulisoma nyekundu, na nesi, ambaye alikuwa hana cha kumpa, aliwapa barua ya kwenda hospitali. Huko walilazwa siku sita, mtoto akapata nafuu, wakaruhusiwa na maziwa ya siku tatu. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale waliyoyaacha.

Tarehe ishirini na saba Annonciata alisimama uwanjani na glasi mkononi. Ilikuwa ishirini na moja nukta nane. Aliitazama muda mrefu. Kisha mkono wake, ambao haukuwahi kufanya hivyo, uliandika sifuri, na kidole kikabonyeza simu kutuma. Aliketi chini pale pale, akasubiri watu wa karatasi waje.

Simu ililia baada ya dakika kumi.

"Shikamoo mama," alisema Bwana Osward. "Leo umepitiwa. Umeandika sifuri."

"Ni sifuri, baba. Naapa ni sifuri. Nimeangalia shamba, nimeangalia mtoto."

"Hapana, mama, umechoka tu. Ninayo nakala ya mwaka themanini na mbili hapa mezani. Ni ishirini na moja nukta nane, siyo?" Alisubiri. Annonciata aliifunika glasi kwa kiganja. "Usiwe na wasiwasi, nimeshakurekebishia."

Orodha ilitoka. Mzee Deusdedit aliisoma mara mbili mbele ya watu, mara ya pili taratibu, kana kwamba aliruka mstari. Hawakuwemo.

Aurélie alifariki alfajiri ya tarehe tisa Machi, mgongoni kwa bibi yake, wakati Emelyne akiwasha moto. Kipimamvua siku hiyo kilikuwa kikavu, wala hakuna aliyekwenda kukitazama. Egide alirudi kutoka porini na mikono myeusi, akamshika mtoto wake bila kunawa, na hakuna aliyemkemea. Kesho yake walichimba kaburi. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe likadunda, ikabidi waazime mtaimbo. Annonciata alikaa kwenye mkeka siku tatu. Alilia kwa sauti, kwa Kirundi, akimtaja Aurélie na kumtaja Arcade, na waliokuja kumpa pole walidhani amechanganya majina.

Tarehe kumi na mbili saa tatu asubuhi alikwenda uwanjani. Chupa ilikuwa na maji. Milimita kumi na saba nukta tatu. Simu ikalia.

"Mama, nakosa siku tatu hapa," alisema Bwana Osward. Sauti yake ilikuwa na furaha aliyojaribu kuificha. "Na ajabu ni kwamba hata themanini na mbili zinakosekana hizo hizo. Unaona? Huu ni mzunguko kabisa."

"Arcade alikufa kwa homa," alisema Annonciata. "Mwaka wa mvua. Tumboni alikuwa ameshiba. Huyu wangu amekufa kwa njaa."

Kwenye simu ilisikika kalamu ikiwekwa mezani.

"Pole, mama. Pole sana, sikujua." Akakohoa. "Ila hayo sina pa kuyaingiza. Hizo siku tatu nitaweka wastani."

"Weka, baba."

Aliizima simu, akachukua glasi. Hakwenda kwenye shina la mahindi. Alizunguka nyuma ya nyumba, ambako Emelyne alikuwa ameketi kando ya kile kichuguu kifupi cha udongo, akamwaga maji yote juu ya kaburi, taratibu, kuanzia upande wa kichwa. Udongo uliyanywa kabla hajanyanyuka. Harufu ya maua ya mninga ikabaki kidogo, nayo ikaisha.

Kisha akarudi uwanjani, akaandika kumi na saba nukta tatu, na kwenye safu ya maelezo akaandika kwamba mvua haikunyesha.